Hisa Saba

Hull, saa kumi na moja alfajiri, basi la kwanza.
Simu inaniwahi kabla ya mvua:
Tokyo soko limekohoa,
London bado limelala.

Nina hisa saba.
Nilizinunua kwa masalio ya upatu
badala ya viatu vya baridi.
Bi Nasra, mshika daftari, alinitazama juu ya miwani:
"Hisa za nani?"
Nikamwambia, za kampuni ninayoifulia mashuka.
"Yaani umechukua mshahara aliokupa mwajiri
ukamrudishia?"
Sebule nzima ikacheka,
chai ikamwagikia kapeti ya watu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza.
Namuuliza Danuta mbele ya kikausho,
namuuliza kijana wa benki mwenye shingo ndefu,
naiuliza simu, nayo hunijibu kwa mshale,
mwekundu au wa kijani, basi.

Bei ikishuka pauni mbili, hizo mbili kazichukua nani?
Kwenye upatu pesa ikipotea
tunaujua mlango wa kugonga.
Huku nigonge wapi?
Kijana akasema, hakuna aliyezichukua, hazikuwepo.
Sasa kama hazikuwepo,
mbona mimi nilizilipa?

Na hiyo faharisi, ni mtu?
Kila asubuhi natangaziwa kwamba ina wasiwasi.
Mimi nikikosa usingizi juma zima
hakuna redio inayosema.

Niuze, au ningoje?
Ningoje nini?
Wanaojua husema: usitazame kila siku.
Husema hivyo kila siku.

Juni likaja gawio:
pauni moja na peni arobaini na mbili.
Nikanunua mkate.
Niliula polepole, nimesimama dirishani,
nikiutafutia ladha ya umiliki.
Ulikuwa mkate.

Halafu Alhamisi moja ya Oktoba
meneja Pickersgill akatuita kantini, amevaa tai.
Tai ile tuliijua, ni ya misiba.
Zamu ya usiku inafungwa, watu thelathini na wanne.
Hakusema kufukuza, alisema kupanga upya,
kama vile sisi ni mashuka
na kabati limekuwa dogo.
Danuta alivua aproni, akaikunja mara nne,
akaikunjua, akaikunja tena.

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu.
Mshale wa kijani. Asilimia sita.
*Wawekezaji wamezipokea habari hizo vizuri.*

Wawekezaji.
Nikajitazama mikono, imechubuka kwa sabuni.
Nimezipokea vizuri saa ngapi?

Nilipiga hesabu mgongoni mwa bahasha:
hisa saba, faida pauni tatu na peni kumi.
Gawa kwa vichwa thelathini na vinne, changu kimo.
Peni tisa kwa kichwa,
na chenji isiyonunua hata kiberiti.

Jumatatu zikaja barua mbili, posta moja.
*Mpendwa Mfanyakazi*, ilianza ya kwanza,
ikaniambia siku yangu ya mwisho.
*Mpendwa Mwenye Hisa*, ilianza ya pili,
ikanialika kwenye mkutano mkuu, vitafunio vitakuwepo.
Saini ni ile ile,
mkia wake umeinuka kama wa jogoo.
Sijawahi kupendwa mara mbili kwa siku moja.

Chini ya barua ya pili wameacha kisanduku:
*Uliza swali lako. Lisizidi maneno hamsini.*

Nilikaa nalo siku tatu.
Niliandika juu ya zamu, nikafuta.
Niliandika juu ya Danuta, kwamba miaka kumi na mmoja
hajawahi kuunguza hata foronya, nikafuta;
maneno yalifika sitini.
Mwisho, kwenye basi lile lile,
soksi zimelowa mpaka kisiginoni,
nikaandika kwa peni ya kuazima:

*Danuta anazidai hisa zangu peni tisa.
Nimpe mkononi,
au kuna fomu?*