Mkate wa Nani

Kwa Irfani, nyuma ya stesheni ya Tabora:
viti vya plastiki, kalenda ya mwaka juzi
yenye mlima ambao yeye mwenyewe hajaufikia.

Nimeuza tumbaku. Safari hii bei haikunitukana.
Nikamwambia mama, leo hatupiki.

Nikaagiza nihari kama mtu aliyezoea.
Mama akainusa. "Si makongoro haya?"
"Imelala jikoni usiku kucha, mama."
"Na makongoro yangu hulala wapi?"

Mkate ukaja, mpana kama ungo,
una madoa meusi ya tanuri.
"Mkate wa naan huu."
"Wa nani?"
"Wa naan."
"Nami ndivyo nilivyouliza, wa nani?"

Alikula polepole, kwa adabu za ugenini,
tangawizi akiiweka kando, uzi kwa uzi,
mpaka alipoufikia mfupa.
Hapo adabu zikaisha.
Ko, ko, ko, juu ya meza.
Mafundi wa reli wakageuka.
Mimi nikasoma kalenda.

Ko. Uboho umegoma.

Irfani akaja, taulo begani, bila neno.
Akaushika mfupa, akaupiga mara moja
kwenye kifundo cha mkono wake,
na uboho ukadondoka juu ya mkate
mzima, unatetemeka.

"Kwetu, huu ni wa mama," akasema.

Mama akautazama. Akaumega katikati
pamoja na kipande cha mkate,
akamnyooshea.

Alikula amesimama, amefumba macho.

Mimi nilibaki na mchuzi.