Yachemke, Yapoe

Sanduku lako liko wazi juu ya zulia, Thuwaiba.
Kiyoyozi kinanguruma, nje Ruwi inaoka watu,
na mimi napanga: kanga doti tatu za bibi yako,
kopo la halua, na pakiti kumi za ORS
nimezificha ndani ya soksi
kama magendo.

Sikiliza. Usicheke.
Chupa ya maji ukiifungua, kizibo kilie tak.
Kisipolia, rudisha, hata kama muuzaji ni binamu yako
(na Konde nzima ni binamu zako).
Ya kupigia mswaki pia. Ndiyo, hata ya kusukutua.
Barafu ni maji yaleyale,
usiyaamini kwa kuwa yamejikaza.
Juisi ya miwa itakuita kwa jina lako; wewe pita.
Embe limenye mwenyewe, kwa kisu chako,
ganda lidondoke mbele ya macho yako.
Pweza mle akiwa bado anakuunguza midomo;
aliyepoa chini ya kawa tangu adhuhuri
waachie nzi, wamezoeana.
Na kachumbari…
kachumbari ikikushinda, ikikushinda kabisa,
usinihadithie.

Tumbo likigeuka, na pakiti zimekuishia:
lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa,
sukari vijiko sita vya chai, visijae pomoni,
chumvi nusu kijiko. Nusu.
Kunywa kidogo kidogo.
Ukiona damu, au homa, hospitali,
siku hiyohiyo, si kesho inshallah.

Tumbo lako limelelewa na dumu la buluu
analolileta Shaukat begani kila Jumatatu,
na maji ya bomba ambayo juzi yalikuwa bahari,
yakapitishwa mtamboni, yakavuliwa chumvi,
yakavuliwa kila kitu.
Langu mimi lililelewa na kisima.
Tulichota kwa kata ya kifuu, tukapuliza majani pembeni,
viluwiluwi tukawapisha kwa adabu,
tukanywa.

Shaame naye alikunywa.
Mdogo wangu wa mwisho, miaka minne,
mwaka uleule nilioolewa huku.
Barua ilinifikia akiwa kaburini siku ya ishirini.
Siku mbili tu za kuhara, iliandikwa,
na mwandiko haukuwa wa mama.
Ndiyo maana unaniona nasimama jikoni
na birika limekwisha kulia, na sizimi moto.

Jana nilimpigia bibi yako.
Nilizunguka: hali, mvua, karafuu, magoti yake.
Kisha nikasema, mama, huyu mtoto tumbo lake la Maskati,
samahani, maji yake, kama inawezekana…
Akaniacha nimalize.
“Nayachemsha tangu Shaame,” akasema.
“Kila siku ya Mungu. Kuni zikiwepo, zisiwepo.
Wewe ndiye uliyeondoka hujaniona.”
Halafu akauliza kama unakula samaki wa nazi.

Basi akikupa kikombe kwa mikono miwili
pokea kwa mikono miwili.
Usitafute kizibo.
Kunywa.

Lete kile kisu nikifunge kwenye kitambaa.
Kikae sandukuni, si mkobani:
uwanja wa ndege watakunyang'anya.