Chumba cha Plasta, Bombo

Mbaruku wa Makorora, miaka tisa na nusu,
aliruka kutoka paa la banda la kuku
na kanga ya mama yake mabegani.
Ya manjano. Jina lake silijui,
mkasi wa nesi ulipita katikati ya maneno.
Muundi umekatika pawili.

Nikamuuliza: ulidhani utapaa?
Akanitazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo.
"Yule hapai. Yule ni mtu tu.
Ndiyo maana nikajaribu."

Kijitabu kilikuwa chini ya shati,
kimekunjwa mara nne, kinanuka mafuta ya taa,
kurasa za mwisho zimefungia karanga zamani.
Shujaa ana kinyago, ana joho,
ana mkanda wa mifuko kumi na miwili.
Hakushuka kutoka nyotani. Hakunywa dawa ya mzimu.
Anapiga pushapu, anasoma sana,
basi.

Miaka kumi na tisa nafunga plasta hapa.
Nikasoma huku maji ya ndoo yakipata uvuguvugu.
Ukurasa wa sita, anaporomoka ghorofa nne,
anatua kwa goti moja.
Ukurasa wa saba yuko wima, anatoa neno kali.
Na katikati, kati ya picha na picha,
kuna mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa katani.
Mimi kazi yangu iko humo.
Humo mna wiki sita.
Mna kopo la kukojolea chini ya kitanda,
mna mwasho usiofikika hata kwa spoku ya baiskeli,
mna Mwanakombo anayekaanga visheti alfajiri
kisha anambeba mtu mzima nusu mgongoni
kwenda kumuogesha.
Mchoraji ameruka yote hayo kwa upana wa kalamu.
Naye hakuvunjika.

Nikaendelea, maana ulimi wangu haujui breki:
analala saa ngapi? Joho anamfulia nani?
Kinyago cha ngozi, joto la Tanga la mwezi wa pili,
kesho yake uso mzima vipele.
Na hiyo mitambo, hela anapata wapi?
"Karithi," akasema Mbaruku.
Ahaa.
Kumbe nguvu anazo, mwanangu,
ila kaziweka benki.

Alicheka, mguu ukamkumbusha, akaacha.

Nikakunja bendeji ya kwanza, ya pili.
Nikauliza kwa kupitisha muda tu:
na mtaani kwenu, wezi wakiingia usiku?
"Mama anapiga kelele."
Halafu?
"Halafu anachoka."

Nikarudi kwenye kijitabu.
Ukurasa wa pili mwanamke anapiga kelele dirishani.
Ukurasa wa tatu, mtu yuko juu ya ukuta wake.
Sikuwa nimeliona hilo.
Nilikuwa nimehesabu ghorofa, magoti, hela,
nikaipita njozi yenyewe imekaa kimya
katika picha ndogo kuliko zote:
mtu kaita, mtu kaja.
Nikalainisha plasta kwa viganja,
muda mrefu kuliko inavyohitaji.

Ilipokauka akataka nimchoree shujaa wake pale kwenye muundi.
Nikamchora na magongo.
"Futa."
Plasta haifutiki.
"Hana magongo yule!"
Nikafikiri. Nikaunganisha magongo mawili kwa vistari,
kimoja, kingine, hadi juu,
nikaegemeza ukutani.
Ngazi je, inaruhusiwa?
Alifikiri kama hakimu wa mahakama ya mwanzo.
"Ngazi sawa. Mtu wa kawaida anayo ngazi."

Mwanakombo akakunja vipande vya kanga
akaviweka kwapani, hakusema atavifanyia nini.

Wiki sita, nikamwambia mtoto. Hakuna kuruka ukurasa.
Akafungua kijitabu, akaweka kidole kwenye mkanda,
akahesabu mifuko kwa midomo.
"Miwili kila wiki," akasema.
"Itatosha."