Taarifa ya Shule ya Jumapili, Mwezi wa Tano

Kwa mwenyekiti wa baraza na wazee wote wa kanisa,
kutoka stoo ya saruji, nyuma ya madhabahu.

Waliohudhuria: thelathini na wanane.
Akina Baluku peke yao ni saba,
maana hapa Kasese mvulana wa kwanza
jina humsubiri mlangoni kabla hajalia.
Nawatenganisha kwa kazi za baba zao:
Baluku wa Baiskeli, Baluku wa Chumvi,
Baluku wa Kilembe, ambaye babake aliacha mgodi
na sasa anauza vocha.
Wa saba nilipomuuliza alitazama chini:
Mimi andika Baluku, basi.
Nikaandika Baluku Basi. Anaitika.

Walimu: mimi, na Ithungu binti wa mshona viatu,
miaka kumi na sita, sauti ya kuamsha ng'ombe.
Masereka amekosa Jumapili mbili,
pikipiki yake imeshikwa kwa deni.
Simlaumu. Nimeandika tu.

Naomba pia Mama Kyakimwa atajwe mahali,
fomu yenu haina safu yake.
Hafundishi. Kusoma hajui.
Huja saa moja asubuhi, sufuria kichwani,
uji wa mtama na vikombe kumi na viwili;
aliyekunywa husuuza, wa pili akapokea,
na hata wa mwisho kabisa huunguza ulimi.
Mtoto mwenye njaa husikia tumbo lake tu.
Mimi nasema. Yeye ndiye huwafungua masikio.

Somo: Nuhu.
Ndivyo kitabu kilivyopanga,
na kitabu hakiujui mto Nyamwamba.
Nilianza vizuri. Wanyama wawili wawili,
Ithungu akalia kama nyani, stoo nzima ikacheka,
vumbi la saruji likatutimkia machoni.
Kisha mvua ikaanza, ile ya kitabuni,
kicheko kikakatika kama uzi.

Nilisahau, wazee wangu. Nakiri kwa maandishi.
Nilisahau nani kati yao
alikesha juu ya mti usiku ule
mto uliposhuka na mawe makubwa kama vyumba
ukapita jikoni kwao bila hodi.

Kabugho akanyoosha mkono.
Mwalimu, wale waliobaki nje,
walikuwa na watoto?

Kitabu cha mwalimu, ukurasa wa kumi na tisa,
kina maswali matano na majibu yake.
Hilo halimo.
Nikafungua kinywa, nikakifunga.
Nikasema: Sijui, Kabugho.
Hata mimi huwa namuuliza Mungu.
Kama nimekosea kusema hivyo, mniite barazani.
Nitakuja. Nitasema vilevile.

Basi tukachora.
Safina yenye antena. Safina yenye duka la mandazi.
Lori la mgodi, twiga ametoa shingo dirishani.
Baluku Basi alichora maji,
maji matupu, hadi ukingo wa karatasi,
kisha akaendelea sakafuni
na hakuna aliyemkataza.
Kabugho alichora mlango wazi
na nyuma ya safina kamba, ndefu,
yenye mafundo ya kushikia,
ikielea hadi pembe ya chini kabisa.
Ithungu akainama: Hii ya nini?
Ya waliochelewa.

Sadaka: shilingi elfu mbili na mia tatu,
na yai moja.
Yai tulimpa Mama Kyakimwa. Amekataa.
Liko kwangu, naomba mwongozo.

Mahitaji:
mikeka, kama nilivyoomba mwezi wa pili
na nikakumbusha wa tatu.
Kipaza sauti kipya tumekisikia, hongereni;
kinapita ukutani, inabidi tungoje mmalize kusali
ndipo nasi tusali.

Kalamu za rangi. Si lazima boksi zima.
Nyekundu ipo. Kijani ipo.
Manjano haijaguswa.
Buluu imekwisha.