Gari la Mkate

Ukilitazama vizuri ubavu wa kushoto,
chini ya rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe kwa brashi ya ukutani,
bado utasoma MKATE, na herufi mbili za jina la mtu
aliyefilisika kabla sijalinunua.
Watoto wa Ahero wana macho makali.
Siku ya kwanza walilikimbilia wakipunga sarafu.
Nikashuka na sare yangu nyeupe;
mmoja akaangua kilio, akidhani ni siku ya sindano.

Ndugu zangu kule Chavakali waligawana shamba
hadi mgomba wa mwisho ukapata mwenyewe.
Nilikuwa zamu ya usiku. Hakuna aliyenipigia.
Nikavunja akiba, nikanunua magurudumu manne
na paa linalovuja mahali pamoja tu, miguuni.
Mama huniita kobe.
Namwambia, Mama, kobe halipii petroli.

Ndani: kitanda cha mbao cha kukunja,
mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili,
sare tatu kwenye waya, hucheza kila nikivuka tuta.
Na mikataba, ndani ya kopo la biskuti:
Bondo, miezi mitatu. Webuye, miezi mitatu.
Kisumu sita, kwa kuwa Sista Atemo alivunjika nyonga.

Kila fomu ina pengo lake: Makazi ya Kudumu.
Zamani niliandika kwa mama. Kisha sanduku la posta.
Siku hizi naandika namba ya gari.
Karani Rasugu aliisoma, akavua miwani:
"Sista Kageha, hii ni nyumba au kosa la barabarani?"

Naegesha nyuma ya chumba cha kufulia.
Natoka zamu asubuhi, nalala
wakati dunia nzima inaamka: mashine ya dobi,
jogoo wa mpishi, mtu anayemwita Akumu,
Akumu, Akumu, na Akumu haitiki.
Nimebandika magazeti madirishani.
Joto la mashamba ya mpunga huingia hata hivyo,
hukaa ukingoni mwa kitanda
kama shemeji aliyekuja bila kubisha.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya kwanza nilipewa funguo za kabati la dawa,
na ya pili, mtoto aliyekuja mapema mno,
mwepesi kuliko pakiti ya unga.
Wiki saba tulimfunga kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi.
Usiku umeme ukipotea nilihesabu pumzi zake
kwa mwanga wa simu, na mara moja
nilihesabu hadi kumi bila kuisikia inayofuata.
Kisha akapiga chafya.
Nilirudi garini, nikala wali wa jana, baridi, kutoka sufuriani,
na sikumwambia mtu.

Jumatatu naanza Molo. Wanasema huko
hata maji ya kunywa huuma meno.
Betri, bila shaka, imekufa.
Wakaja kusukuma: Rasugu, tai begani;
Odwori mlinzi; madobi wawili, mikono ingali na povu;
na Nyangweso, baba wa mtoto yule,
kimya, bega lake juu ya neno MKATE.
"Tia gia ya pili! Achia!"
Likakohoa. Likanyamaza. Likakohoa tena, likashika.

Nilikuwa nimepanga maneno. Tangu alfajiri nilikuwa nayo.
Lakini gari hili likishawaka asubuhi
ukigusa breki linazima,
nami nani ningemwomba asukume mara ya pili?
Nikatoa mkono dirishani, basi.
Kwenye kioo cha pembeni, kati ya moshi,
mama yule alikuwa akiinua kitu kidogo, akikipunga;
sikuona kama ni mkono wa mtoto
au ncha ya shali.

Mbele, tuta.
Nyuma yangu sare tatu zikacheza.