Lehemu

Daktari wa Kitete aliposema nina lehemu kwenye damu
nilicheka mpaka akaweka kalamu chini.
Miaka thelathini na mmoja, karakana ya reli, Tabora,
mimi ndiye niliyeshika chuma cha kulehemia,
nikaziba matangi, taa za ishara, birika za wapishi wa treni;
leo mzibaji mwenyewe kazibwa,
kwa ndani.

Kwanza nilipewa kile cha pinki.
Kimechongoka kama mbegu ya boga,
jina limegandamizwa ubavuni kwa herufi kubwa,
boksi gumu, na karatasi iliyokunjwa mara nane
yenye lugha tano, yetu haimo.
Elfu sitini na mbili kwa mwezi.
Nyanzala aliuza tetea, akauza jogoo,
halafu akaacha kuniambia anauza nini.

Februari pensheni ilichelewa.
Restituta wa duka la dawa, kule Isevya,
akanivutia pembeni ya kaunta:
"Mzee Kashindye, ipo nyingine.
Dawa ni ile ile, haina jina la kutangazwa. Elfu nane."
Akanisomea polepole: a-to-va-sta-ti-ni.
Nikahesabu kwa vidole, mabehewa sita,
na kichwa hakijapakwa rangi.

Nilikwenda nacho nyumbani kama mtu aliyeficha kibudu kapuni.
Cheupe. Cha mviringo. Mstari katikati, basi.
Siku tatu tulitazamana mezani, mimi nacho.
Rahisi huvunja upishi, nilijiambia,
na elfu nane ni bei ya sabuni.
Ya nne nikameza. Ya tano paja likaniuma,
nikasema, enhe!
Nyanzala hakuinua macho kwenye ungo:
"Jana umepiga matuta sita ya viazi.
Nayo kapiga kidonge?"

Usiku ule usingizi ulikataa.
Nikafikiri: jina langu mimi, nani alilichagua?
Hakuna. Walitangulia Kulwa na Doto, nikafuata,
na Unyamwezini kila afuataye mapacha ni Kashindye,
awe mwizi, awe katekista.
Pale Cheyo tulikuwa wanne;
mama mmoja akiita, shingo nne zinageuka.
Jina la zamu.
Ila hakuna tangi lililorudishwa karakana
kwa sababu aliyeliziba anaitwa kama wengine.

Na ule waya wa lehemu, niliwahi kuuliza chapa?
Ulikuja umeviringishwa kwenye kijiti,
karatasi yake panya wamekwisha kula.
Ungegusisha chuma, ungetazama:
ikimeta, ikitambaa, ikiingia ufa wenyewe, ndiyo hiyo.
Ikijikunja kama mate vumbini, tupa.
Hukujua kitu mpaka moto uguse.

Basi nikampa moto miezi mitatu.

Nikarudi Kitete na tumbo tupu.
Kijana wa maabara alitafuta mshipa kama anayetafuta betri gizani,
akaupata mkono wa pili.
Sita nukta nane ilikuwa imeshuka nne nukta tisa.
Daktari akaandika: endelea.
Hakuuliza kipi. Nilitaka aulize.
Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno nimeyapanga.

Sisemi nimekipenda.
Asubuhi bado nakigeuza kiganjani, huku na huku,
kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba isiyo na namba.
Boksi la pinki Nyanzala katia vifungo na sindano,
na kila akishona
lile jina kubwa linanitazama toka mkekani,
limechakaa kona moja.

Paja halijauma tena. Au linauma, na ni viazi.

Leo alfajiri, maji ya kumezea yakiwa mkononi,
nimesikia jogoo uani kwetu.
Si wa jirani, sauti yake bado inatafuta njia.
Nimemeza.
Sijauliza kanunuliwa na pesa ipi.