Haiba

Mtaani Kitangiri walisema ana haiba.
Akipanda ngazi za mawe kuja nyumbani
hakosi wa kumpokea ndoo, wa kumkopesha, wa kucheka naye.
Kaka yangu Luhende aliwajua hata mbwa wa watu kwa majina.

Mimi ndiye niliyemwona na paka.
Ana miaka tisa. Kamfunga jiwe,
kakaa ukingoni pale Mwaloni, anahesabu viputo,
na aliponisikia nikilia alinitazama
kama mtu anayetazama redio mbovu:
hakukasirika,
alitaka tu kujua sauti inatokea wapi.

Ngozi ivute ingali maji, bibi alisema.
Baba akaivuta. Aliivuta kwa mkanda
mpaka mkanda ukakatika,
na ngozi ikakauka vilevile, imejikunja.

Nyavu za mjomba ziliuzwa Igombe.
Pesa za jicho la mama, laki tatu na nusu,
zilitoweka chini ya debe la dagaa.
"Mama, mimi nikuibie wewe?"
Alisema hivyo huku amemshika mikono yote miwili.
Mama ndiye aliyeomba msamaha.

Walisema jini, tukachinja mbuzi.
Walisema laana, tukafunga siku tatu,
mchungaji akakemea mpaka bati likatetema.
Luhende alianguka vizuri sana, akatoka povu.
Usiku akanionyesha kipande cha sabuni.

Kisha kisu, kisha paja la mtu,
kisha Butimba miezi kumi na minne.
Alipotoka, afisa ustawi aliandika barua:
kila Jumanne, kliniki ya akili.

Rwechungura, mtu mwembamba, mfuko wa shati umelowa wino,
alituketisha mimi na mama.
"Si jini," alisema, "na si wazimu. Anajua afanyalo.
Kilichougua ni haiba."
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Neno lilelile walilompambia mtaani!

Mama akaomba dawa.
"Ya kutuliza hasira ipo. Ya kumsaidia kuacha gongo ipo.
Ya kumfanya aumie akikuumiza, sina.
Nina viti sita, wanaume sita, saa moja na nusu ya maneno.
Hapo atajifunza kusimama kidogo
kati ya tamaa na mkono,
mwanzoni kwa faida yake mwenyewe: nikipiga, napoteza nini?
Huko mbele, labda, kwa faida ya mwenzake.
Wengine hupoa umri ukisogea. Wengine la."
Akanigeukia mimi.
"Wewe funga sanduku lako.
Kumpenda si kumwachia ufunguo.
Na machozi yake usiyahesabu. Hesabu Jumanne."

Nimezihesabu.
Arobaini na nne, kaenda thelathini na moja.
Mara mbili aliuza nauli.
Mara moja alirudi na kalamu ya Rwechungura,
na Jumanne iliyofuata, sijui kwa nini,
akairudisha.

Juzi kaja na elfu kumi na mbili.
"Za jicho," akasema, akaziweka juu ya debe.
Pole hakusema.
Nikazigeuza noti kwenye mwanga wa dirisha
kana kwamba majuto yana alama ya maji.
Nikaandika daftarini: bado laki tatu na thelathini na nane elfu.

Alipokuwa akishuka,
mtoto wa paka wa jirani alilala katikati ya ngazi,
tumbo juani.
Luhende akasimama.
Nikashika pindo la khanga, ulipo ufunguo.
Ziwa lilikuwa kimya huko chini, jeupe kama bati jipya.
Niliona midomo yake ikicheza, anahesabu,
moja, mbili, tatu, kama walivyomfundisha,
au kama alivyohesabu siku ile.

Akamruka paka, akaendelea kushuka.

Mama, kwa jicho lake moja, akauliza, "Kaenda?"
"Kaenda."
Sikumwambia zaidi.
Nilibaki mlangoni mpaka paka akaamka.